Gari unaloagiza lilishachaguliwa na mtu mwingine

Kwa wiki tatu meza yetu ya chakula ilikuwa ofisi ya kuagizia gari. Simu yangu, simu ya mke wangu, daftari la hesabu la mtoto wa kati tulilolipora bila huruma, na kila usiku magari yaleyale ya Japani, picha thelathini kwa kila moja, yote yanang'aa. Mke wangu alitaka milango ya kusukuma inayofunguka kwa umeme. Kijana wetu wa kwanza alitaka yenye bodikiti na rimu kubwa. Mama mkwe, ambaye anakaa nasi na ndiye atakayekalia kiti cha katikati, aliweka sharti moja tu: "Lisiwe la kupanda kama lori."

Mimi nikasema nataka kwanza tuzungumzie gia boksi. Walinicheka mpaka maji ya kunywa yakamwagika kwenye daftari.

Nina sababu. Gari letu lililopita lilikuwa na gia boksi ya CVT, na kwa miaka miwili sikuwa na neno nalo. Siku moja nikalipeleka gereji kwa sevisi ya kawaida, wakamwaga oili ya gia boksi, wakaweka nyingine nyekundu kutoka kwenye dumu. Sikuuliza ni oili gani. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nachati. Baada ya miezi kadhaa gari likaanza kutetemeka kila linapoondoka kwenye taa za barabarani, kama mtu mwenye homa. Kisha likafika mahali unakanyaga mafuta, injini inalia, na bodaboda zinakupita kulia na kushoto. Fundi wa pili alitoa oili kidogo, akaisugua kati ya vidole, akainusa. "Kaka, hapa wamekuwekea ATF." Alilisema taratibu, kwa sauti ile wanayotumia watu wanapokuambia kuna msiba kijijini.

Kwa asiyejua: gia boksi ya otomatiki ya kizamani ina gia za kweli, nne au sita, na inahama kutoka moja kwenda nyingine; ATF ndiyo oili yake. CVT ya kawaida haina gia hizo. Ndani kuna puli mbili na mkanda wa chuma kati yake. Puli zinajibana na kujiachia, mkanda unapanda na kushuka, ndiyo maana gari linakwenda laini bila kushtuka. Mkanda huo unashika puli kwa msaada wa oili maalumu. Weka oili isiyo yake na mkanda unateleza, unakwaruza puli, vumbi la chuma linazunguka humo ndani, na kilichobaki ni kutafuta gia boksi nzima ya mtumba Ilala.

Basi nikaingia kwenye zoezi hili nikiwa na kidonda, na kidonda hicho ndicho kilichonionyesha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria nilipoagiza gari la kwanza. Sisi husema "nimeagiza gari", kana kwamba tumeketi na muuzaji tukachagua injini, gia na viti. Hatujachagua. Aliyechagua ni mtu wa Nagoya au Osaka, miaka minane au tisa iliyopita, akiwa na barabara zake, kodi zake na familia yake. Yeye ndiye aliyeamua iwe petroli au haibridi (injini na mota ya umeme pamoja), viti 7 au 8, mlango mmoja wa umeme au miwili. Kazi yetu ni kulisoma chaguo lake na kujiuliza kama maisha yetu yanafanana na yake.

Ukianza kulisoma, mambo mengi yanaeleweka. Kwa nini magari ya familia ya Kijapani yana cc 1,496, 1,797, 1,986 au 1,997, na mara chache sana 2,100? Kwa sababu Mjapani hulipa kodi ya gari ya kila mwaka kwa ngazi za cc, na kuna ngazi kwenye 1,500 na kwenye 2,000. Kwa nini magari mengi huingia sokoni yakiwa na miaka mitano, saba au tisa? Ukaguzi wao wa lazima huja gari jipya likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, nao una gharama. Wengi hupiga hesabu, wanaona heri kuuza.

Kwetu Tanzania kodi yake imetuokotea dodo chini ya mnazi, maana TRA, mamlaka yetu ya mapato, nao wana mpaka wao kwenye cc 2,000: injini iliyozidi cc 1,000 hadi hapo ushuru wa bidhaa ni asilimia 5, juu yake 10. Kinachouma zaidi ni umri. Gari la kutembelea likifikisha miaka 8 linaongezewa asilimia 15, likizidi 10 linaongezewa 30. Majirani zetu Wakenya hawana hata nafasi ya kubishana, kwao likizidi miaka 8 haliingii. Nimewaona watu wanasherehekea bei nafuu ya Noah ya mwaka 2012 kisha wanapiga hesabu ya ushuru bandarini wakiwa wameshalipa. Hilo nalipita haraka kwa sababu kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni na hakina mapenzi na mtu.

Tulikuwa tumeshakubaliana kuhusu aina: gari la mlango wa kusukuma, watu saba. Tuko sita nyumbani, na shangazi wa Desemba ni wa uhakika kuliko mvua za vuli. Mezani zikabaki Toyota Noah ya kizazi cha R80, ile iliyotoka kuanzia 2014, Nissan Serena, na Honda Stepwgn.

Stepwgn ya kuanzia 2015 ina injini ya cc 1,496 yenye tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi. Kwenye karatasi ni nzuri mno. Lakini tabo ni kitu cha kuheshimiwa: inataka oili safi, inayobadilishwa kwa wakati, na mwenye gari asiyesema "nitaongeza kilomita elfu mbili nyingine mpaka mshahara utoke". Mimi ni mtu wa aina hiyo hasa. Nikaiweka kando kwa kujijua.

Serena ilinichelewesha kwa sababu ya neno "hybrid" ubavuni. Zipo zilizoandikwa S-Hybrid, na watu wananunua wakidhani wamepata kama Prius, haibridi kamili ya Toyota. Ile ni injini ya kawaida ya cc 1,997 yenye mota ndogo ya kuisaidia, na nyuma yake kuna CVT ileile ya mkanda. Ipo nyingine ya e-Power, iliyokuja 2018, ambayo injini yake ndogo ya 1.2 inazalisha umeme tu na mota ndiyo inayozungusha matairi. Hayo ni magari mawili tofauti kabisa yenye sura moja.

Na Mazda? Rafiki yangu alinisukumia Mazda za dizeli usiku na mchana. Nakubali, gia boksi yao ya otomatiki ya gia sita ni ya zile ninazozipenda. Lakini dizeli hizo za kisasa zina chujio la moshi kwenye ekzosi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma masizi injini ikiwa imepata joto na mwendo. Mimi asubuhi natoka Goba kwenda kuwashusha watoto shuleni, halafu foleni, halafu kazini. Masizi yangejaa kabla sijalipa ada ya muhula wa pili. Kwa anayesafiri Dar na Mbeya kila wiki ni gari jingine kabisa, na yeye asinisikilize.

Ikabaki Noah, na humo ndimo nilimopata aibu yangu. Niliingia nikiwa nimeapa: petroli, injini ya 3ZR-FAE ya lita 2, isiyo na tabo, isiyo na betri kubwa, kila fundi anaijua. Haibridi nilikuwa naiita "simu yenye matairi". Nikampelekea hoja hiyo fundi wangu, mzee mmoja anayezijua Toyota kuliko wanawe, nikitegemea anipongeze.

"Ya petroli ina gia boksi gani?" akaniuliza.

"CVT," nikasema.

"Ya mkanda?"

"Ya mkanda, mzee."

"Na wewe unakimbia nini?"

Nikanyamaza. Akanielezea, na baadaye nikaenda kusoma mwenyewe kuhakikisha. Haibridi ya Noah hiyo ina injini ya cc 1,797, ndugu ya ile ya Prius. Na ingawa Toyota nao wanaiita CVT, ndani haina mkanda wala puli za kujibana. Ina gia za sayari, meno kwa meno, ambazo zinaunganisha injini na mota mbili za umeme. Hakuna cha kuteleza. Mimi mtu wa gia boksi, niliyetukana haibridi mwaka mzima, nilikuwa nakimbia gia boksi imara kuliko zote kwenye orodha.

Betri? Nilimuuliza hilo kwa hasira kidogo. Akasema itazeeka, kama magoti yake. Lakini siku hizi wapo vijana mjini waliofungua betri za Prius na Aqua mpaka wanazijua kwa harufu, wanapima vipande vyake kimoja kimoja na kubadilisha vilivyokufa. Alichosisitiza ni feni ya kuipoza betri. Vumbi la barabara zetu hujaa kwenye njia yake ya hewa, watoto hutupa makaratasi ya pipi, betri inapata joto, halafu mwenye gari analaumu Wajapani. Hapo nilimwona mtu wa Nagoya tena: yeye hana vumbi hilo, kwa hiyo hakuna aliyemwambia asafishe.

Haibridi ina kasoro zake na sizifichi. Ikiwa na watu saba na magunia mawili ya mchele, ukipanda mlima Kitonga betri inaweza kuisha kabla mlima haujaisha, na injini ya 1.8 inabaki peke yake ikipiga kelele. Utapanda, ila usitegemee kumpita mtu. Kushuka kuna alama ya B kwenye gia, itumie, usiishi kwenye breki. Pia ni ya kuvuta matairi ya mbele tu. Anayelala shamba kwenye utelezi wa mfinyanzi atafute kitu kingine.

Mke wangu alisikiliza yote haya, akasema, "Baba watoto, kwa hiyo ulikuwa unabisha nini wiki tatu?" Nikamwomba chai.

Tukaja kwenye gredi, na hapa nataka kugombana na vijana. Kwanza, gredi ya gari na alama ya mnada wa Japani ni vitu viwili. X, G na Si ni gredi: namna gari lilivyotoka kiwandani. Zile 4.5, 4, 3.5 kwenye karatasi ya mnada ni hali yake leo, na ukiona R ujue liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kuna watu wanalipia G wakidhani wamelipia usafi.

Pili, Si. Ndiyo iliyompagawisha kijana wangu, ina bampa lililoshuka, ina sura ya hasira, ina matairi ya inchi 16. X na G zina 195/65 ya inchi 15, saizi ileile ya Premio na Prius, unaikuta hadi kwa muuza matairi wa njia panda. Na barabara yetu kutoka lami hadi nyumbani ina mtaro ambao umeshakula bampa za watu watatu ninaowafahamu. Nikamwambia kijana bampa la Si litakaa wiki mbili. Akasema, "Basi baba, tupandishe springi." Kumbe amejiandaa.

Tatu, na hili ndilo lingetuponza kama tungebaki na petroli: viti. Petroli huja ya watu 7 au 8, kutegemea mstari wa katikati ni viti viwili vilivyoachana au benchi. Mama mkwe hawezi kujipinda kupita kwenda nyuma, na watoto hawawezi kumruka. Viti vilivyoachana vina njia katikati. Tangazo lenyewe halikuliandika, tulihesabu mikanda kwenye picha. Tukakagua darini pia kama kuna matundu ya AC ya nyuma, maana Dar mwezi wa pili bila hewa ya nyuma ni adhabu kwa wazee. Redio itashika masafa ya Kijapani mpaka uweke ekspanda, na ramani itakuonyesha Yokohama ukiwa Mbezi. Hayo ni madogo.

Tukaagiza X haibridi, nyeupe, viti saba, ya 2018, milango miwili ya umeme. Kijana amenuna bado. Meli iko njiani.

Jana nilipita Kariakoo nikanunua oili ya gia boksi yake mapema, ili siku ya sevisi nisiketi tena kwenye benchi na simu. Haibridi hiyo inatumia ATF, ile ya Toyota iitwayo WS. Mke wangu alilikuta dumu chini ya sinki, akafungua kifuniko akachungulia.

"Hii si ndiyo nyekundu iliyotuulia lile gari?"

Nimeanza kumweleza tena tangu mwanzo.