Msuli Kwapani mwa Cherehani

Kwa miaka 31 niliyokuwa fundi cherehani mjini Tanga niliwashonea watu makoti, kanzu na sare za shule, lakini sikuwahi kujishona mimi mwenyewe. Jambo hilo lilinisubiri nistaafu na kuhamia kwa mwanangu huko Louisville, katika jimbo la Kentucky, Marekani.

Chanzo kilikuwa mfarishi. Mke wangu alialikwa na majirani kwenda Paducah, mwendo wa zaidi ya saa 3 kwa gari, kutazama makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya mifarishi ya viraka, na aliporudi alifungua sanduku lake la kanga kuukuu akaanza kukata. Mkamwana wetu alikuwa mjamzito, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuzuia. Baada ya miezi 3 uso wa mfarishi ulikuwa tayari, upana inchi 60 na urefu inchi 80, na ikabaki kazi ya kushikamanisha tabaka zote tatu, yaani uso, pamba ya katikati na kitambaa cha chini, kwa mishono inayopita juu yake kama maua au mawimbi. Kazi hiyo nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa ndiye fundi.

Njia zilikuwa mbili. Duka moja la vitambaa lilikuwa likikodisha kwa saa cherehani ya mkono mrefu, ile iliyotengenezwa mahususi kwa mifarishi, na njia ya pili ilikuwa kuitumia cherehani yetu ya nyumbani juu ya fremu ya futi 10 niliyoinunua kwa mtu kwa dola 80. Katika njia zote mbili kitambaa huwambwa kikatulia, kisha cherehani yenyewe hupanda kigari chenye magurudumu na kutembezwa kwa mikono juu yake. Maisha yangu yote nilisogeza karatasi chini ya kalamu; sasa kalamu ndiyo ilitakiwa itembee.

Mwenye duka, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliniuliza swali moja tu: sehemu iliyokwisha kushonwa nitaiviringisha, sawa, lakini gongo lake litakaa wapi? Nilimtazama kama ninavyomtazama mwanagenzi anayeuliza kifungo kinakaa wapi. Akanionyesha kwapa la cherehani yake, yaani nafasi iliyopo kati ya sindano na nguzo ya nyuma, ambayo ilikuwa inchi 20, na akaniambia kwamba yangu ina inchi 7. Akanionyesha pia kifaa kinachosoma mwendo wa magurudumu, ili mkono ukienda haraka sindano iharakishe, na mkono ukisimama sindano nayo isimame. Nikakiita kimoyomoyo mkongojo wa wasiojua kushona, nikaaga.

Nyumbani niligundua kwamba siwezi kutembea kando ya fremu ya futi 10 huku nikikanyaga pedali, basi nikaibana pedali kwa mpira wa tairi la baiskeli, cherehani ikawa inakwenda kwa mwendo mmoja bila kuniomba ruhusa. Mawimbi ya mwanzo yalipendeza sana, makubwa na yenye raha, kama ya Bahari ya Hindi wakati wa kusi. Lakini kila nilipoviringisha, gongo lilinenepa, na gongo hilo makao yake ni humo humo kwapani. Ilipofika alasiri lilikuwa nene kama mto wa kulalia mtoto, nafasi yangu ya kushonea ilikuwa imebaki kama inchi 2, na mawimbi yalikuwa yamegeuka mikunjo ya paji la uso. Mke wangu alipita akatazama, akasema, "Baba watoto, bahari inakupwa," akaenda zake jikoni.

Niliinama kuutazama mshono kwa karibu. Nilikuwa nimevaa msuli, vazi langu la nyumbani, na kishungi chake kikaangukia juu ya mfarishi bila mimi kujua. Kigari kikagonga gongo, kikarudi upande wangu, kikakwama. Cherehani ya duka ingesimama hapo. Ya kwangu, ikiwa na pedali iliyofungwa mpira, iliendelea kudunga mahali pale pale, msuli, uso, pamba na chini, mpaka sindano ikakatika yenyewe. Swichi ilikuwa upande wa pili wa gongo, mkono wangu haukufika, na kurudi nyuma nisingeweza ila kwa kuuacha msuli.

Ndipo kengele ya mlango ilipolia, na mwanangu akamkaribisha ndani bi mkwe, mama mzazi wa mkamwana wetu, aliyesafiri kutoka Columbus, Ohio, bila kutuarifu.

Nikamsalimu nikiwa nimeinama. Akaipokea heshima hiyo kwa furaha, akangoja niinuke. Sikuinuka. Nikamuuliza habari za safari, za barabara, za mvua, za wote aliowaacha nyumbani mmoja mmoja, na alipokwisha kujibu nikaanza upya. Akaketi, akaletewa chai, akamnong'oneza mwanangu kama baba yake ana maradhi ya mgongo. Mke wangu alikuja na sahani ya vitumbua, akauona msuli, akaiweka sahani chini ili asiimwage kwa kicheko. Kisha akasimama kati yangu na mgeni, kanga yake ameitandaza kama pazia, akachukua mkasi akakizunguka kile kishungi. Kufumua kusingewezekana, kwani mishono ilikuwa imelundikana kama mchwa.

Wiki iliyofuata tulikwenda dukani. Nililipia somo la lazima, nikamalizia sehemu iliyobaki kwa cherehani ya mkono mrefu, na gongo lilipita kwapani kwa starehe zote huku mwenye duka akijizuia kusema lolote. Alipokuwa akiukunja mfarishi, kidole chake kikatua kwenye kipande cha mistari katikati ya kanga, akauliza kama hilo nalo ni pambo la kwetu na kama lina jina.

"Lina," mke wangu akadakia kabla sijafungua kinywa. "Linaitwa Mkwe Kabisha Hodi."