Faini ya barabarani: ulipe yaishe au ukatae?

Madereva wana ubishi hauishi, ukiandikiwa faini ulipe yaishe au ukatae ukajieleze mbele ya hakimu? Wa kulipa wanasema ukienda kubishana unapoteza siku nzima ya kazi, na hasara ya hiyo siku mara nyingi inaizidi faini yenyewe, tena kuna sehemu ukilipa mapema unapunguziwa. Hoja ina uzito, siibezi. Ila wanasahau kwamba sehemu nyingi kulipa ni kukiri kosa, na kosa likishaingia kwenye rekodi ya leseni linaweza kukufuata mpaka kwenye bima, halafu ukija baadae kusema mi sikufanya nani atakusikiliza wakati ushalipa.

Wa kukataa nao wana lao, askari ni binadamu na kifaa cha kupima spidi, ile tochi, nacho kinakosea. Kweli kabisa. Lakini wengi wanaingia na hoja mbovu, utasikia "alinipiga tochi kasimama pembeni kwa hiyo spidi imezidishwa". Jamani, rada iliyosimama ikikupima kwa pembeni inasoma spidi ndogo kuliko uliyokuwa nayo, manake inachopima ni kasi ya wewe kuisogelea tu. Hapo umependelewa! Swali la maana ni ilipima gari gani? Mwale wa rada unatanuka kadiri unavyoenda mbali, unaweza kufunika magari mawili matatu kwa pamoja, na lori linarudisha mawimbi mengi kuliko gari dogo, sasa kama kulikuwa na lori linakuovateki dakika ileile hapo una kesi. Mwale wa leza ni mwembamba, wenyewe ulizia ulipimwa kwa umbali gani. Na kifaa chochote kile omba kuona cheti cha lini kilikaguliwa.

Kabla ya yote soma hiyo karatasi, namba ya gari, saa, mahali, kifungu. Herufi moja ya jina kukosewa mara nyingi haifuti kitu, wanarekebisha tu, lakini mahali pakikosewa ni habari nyingine kwa sababu limiti inategemea ulikuwa wapi. Na tarehe ya mwisho ya kupinga, hiyo ndo inawamaliza watu, ikikupita mara nyingi unahesabiwa umekubali.

Mi nishawahi kuandikiwa 70 kwenye eneo la 50. Nikabisha, nikarudi kesho yake na simu, nikakuta kweli kibao kimefunikwa na tawi la mti, namba haionekani, nikapiga picha nikajua nimeshinda. Halafu nikatembea kurudi nyuma kama mita mia mbili hivi nikakuta kibao kingine cha 50, kisafi, hakina hata jani, na nilikipita. Nikalipa. 70 badala ya 50 inaonekana kidogo ila nguvu gari linayobeba inakaribia kuwa mara mbili, na anayevuka barabara ndo anaipokea.

Ila picha ya lile tawi niliipeleka kwa wanaohusika na barabara, maana katikati ya vile vibao viwili kuna njia inaingilia, dereva anayetokea huko kile kibao kisafi hakioni kabisa, na yeye akiandikiwa pale asilipe, akapinge.