Duka dogo la michezo lianze na msharasi

Vijana wanaopenda mpira huja kuniuliza jambo lile lile: wana mtaji kidogo, wanataka kufungua duka la vifaa vya michezo hapa Mbeya, waanzie wapi. Wengi huja na hesabu tayari mkononi. Fremu Mwanjelwa au Kabwe, kodi ya miezi sita mbele, kisha kinachobaki chote kinapanda basi kwenda Kariakoo kuleta jezi, mipira na daluga, yaani viatu vya kuchezea mpira, za kujaza shelfu. Wakimaliza kupanga, wanabaki na nauli ya daladala na matumaini.

Mimi nina duka la aina hiyo, dogo, na ninaamini hesabu hiyo imeanzia mwisho. Mwenye mtaji mdogo asianze na bidhaa. Aanze na vifaa vya kazi na kazi yenyewe: msharasi (chuma chenye ncha cha fundi viatu cha kutobolea na kushonea), uzi wa nailoni uliopakwa nta, gundi nzuri ya viatu, pampu, geji ya kupimia upepo, sindano za kujazia, viraka na solusheni, beseni la maji, rula ya kupimia mguu. Vyote hivyo havifikii gharama ya katoni moja ya daluga mpya. Bidhaa zije baadaye, chache chache, zikiifuata kazi.

Kinachonifanya nilisisitize hili ni kwamba nimeona maduka mengi yakifungwa yakiwa yamejaa. Mtu anapita nje anasema duka la fulani limesheheni, kumbe fedha yote imelala ukutani. Jezi ndiyo mbaya kuliko zote. Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu na kumaliza ya tatu msimu wa 2013/14, mji mzima ulitaka zambarau, rangi ya timu. Wakati ule kuuza jezi ilikuwa kazi rahisi kuliko kuuza maji stendi. Lakini hamu ya jezi haiko mikononi mwa mwenye duka. Timu ikiyumba, mauzo yanayumba nayo, na mwaka 2023 timu ikashuka daraja. Hata klabu ikifanya vizuri, msimu ukiisha hutolewa jezi mpya, na ile uliyoinunua kwa bei ya jumla inaanza kuitwa ya zamani. Daluga nazo zina saizi. Ukinunua dazeni utauza za 41 na 42 wiki ya kwanza, halafu za 38 na 45 zitakaa nawe mpaka rangi ipauke.

Tena kuna moto. Wafanyabiashara wa hapa hawajasahau soko la SIDO lilivyoteketea mwaka 2017. Aliyekuwa na mali yote ndani ya kibanda alianza sifuri. Fundi naye aliumia, lakini ufundi wake ulibaki kichwani, na vifaa vyake vya kazi vinanunulika tena kwa fedha ya kuazima kwa ndugu.

Kuna biashara moja ya mbali ambayo naifikiria sana ninapozungumzia hili. Marekani, ndani ya kumbi za bowling, mchezo wa kuviringisha tufe zito kuangusha pini, huwa kuna viduka vidogo vya wachezaji. Tufe la bowling la mchezaji makini, ambalo uzito wake hauzidi paundi 16, yaani kama kilo 7.26, huuzwa bila matundu. Fundi humpima mchezaji mkono: upana wa kiganja, umbali kutoka dole gumba hadi kidole cha kati na cha pete, unene wa kila kidole, na namna vidole vinavyopinda. Kisha ndipo anatoboa. Baadaye tufe linarudi kusuguliwa, kwa sababu linafyonza mafuta yanayopakwa kwenye njia ya kuchezea na kupoteza mshiko wake. Mchezaji anaweza kununua tufe kwa bei rahisi kwenye intaneti, hakuna wa kumzuia, lakini bado atalileta kwa fundi litobolewe. Mwenye kiduka hahitaji ukuta wa matufe. Anahitaji mashine yake, vipimo vyake na jina zuri.

Sisi hatuna bowling hapa. Tuna mpira wa miguu na netiboli, na tuna hali ya hewa inayoviharibu vifaa vya michezo kwa namna ambayo mtu wa pwani haijui. Hapo ndipo fundi wa Nyanda za Juu Kusini anapopata chakula chake.

Chukua upepo wa mpira. Sheria za mchezo zinataka mpira wa saizi 5 uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70, uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza, na upepo ambao kwenye geji ya paundi utasoma kati ya 8.5 na 15.6. Sasa Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa inayoukandamiza mpira kwa nje hapa ni kama asilimia 82 tu ya ile ya Dar es Salaam. Kwa hiyo mpira uliojazwa sawasawa kule chini, ukipanda Kitonga na kufika kwetu, unakuwa mgumu zaidi bila mtu kuugusa. Kama ulikuwa tayari umejazwa hadi mwisho, mishono inaanza kuvutika. Ukishuka nao Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ambako mwinuko ni kama mita 500, ule ule uliojazwa Mbeya unalegea, na wachezaji wanasema umetoboka. Haujatoboka. Unahitaji kupimwa kwa geji pale pale unapochezewa.

Baridi nayo ina mchezo wake. Mwezi wa sita na wa saba, mpira uliojazwa saa nane mchana jua likiwaka ukitolewa nje alfajiri pale Uyole huwa umepungua nguvu, kwa sababu hewa iliyo ndani imesinyaa. Kocha asiyejua anaongeza upepo asubuhi, jua linapanda, mpira unakuwa jiwe, na mtoto wa miaka kumi anaupiga kichwa. Hili linaniuma kwa dhati. Geji moja ndogo kwa kila timu ya watoto ingeondoa tatizo hilo lote, na ndiyo maana bidhaa ya kwanza ambayo ningemshauri kijana aiweke kwenye shelfu yake ni geji, kabla ya jezi yoyote.

Halafu kuna sindano. Mipira mingi inayoletwa kwangu kama mibovu iliuliwa na sindano kavu. Mtu anaichomeka kwa nguvu kwenye vali, tundu la kujazia upepo, mpira wa vali unachanika, na tangu siku hiyo upepo hautulii. Sindano inatakiwa ilowanishwe kwanza. Wengine hupaka mafuta ya mgando ya kujipaka, lakini hayo yametokana na petroli na yanalainisha mpira wa vali siku hadi siku. Tumia glisirini. Hapa Mbeya haikosekani nyumbani, maana msimu wa baridi kila mtu anapaka midomo na visigino. Tone moja linatosha.

Mpira ukija unavuja, unauzamisha kwenye beseni na kutazama mapovu yanatokea wapi. Yakitokea kwenye vali, unajua shida. Yakitokea kwenye mshono, tatizo liko kwenye bladda, ule mfuko wa ndani unaoshika upepo. Mpira wa kushonwa kwa mkono, ule wa vipande 32, ishirini vya pembe sita na kumi na viwili vya pembe tano, unafunguka: unafumua mishono michache karibu na vali, unatoa bladda, unaiziba au kuibadilisha, unashona tena kwa sindano mbili zikipishana kwenye tundu lile lile. Fundi akishona hivyo, mshono wake utadumu. Mipira ya vipande vilivyounganishwa kwa joto haifunguki kwa njia hiyo, na mteja aambiwe ukweli mapema kabla hujagusa chochote. Bladda zenyewe nazo zinatofautiana. Za butili hushika upepo kwa muda mrefu, za lateksi ni laini mguuni lakini hupungua haraka, na mteja akijua hivyo hatakuja kulalamika kwamba amenunua mpira mbovu.

Kuhusu daluga nitasema kwa ufupi, ingawa ndizo zinazonipa kazi nyingi zaidi wakati wa masika. Kule Rungwe mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na kiwanja cha Tukuyu mwezi wa nne hakifanani hata kidogo na kiwanja cha Chunya mwezi wa kumi. Meno mafupi yanayofaa vumbi la Chunya yanateleza kwenye tope la Tukuyu. Kinachoua daluga zetu hata hivyo siyo tope. Ni jiko la mkaa. Kijana anatoka mechini amelowa, baridi inauma, anaweka viatu karibu na moto vikauke haraka. Gundi inalainika, soli inafunguka mdomo. Vijazwe magazeti na viachwe kivulini penye upepo, vitachelewa lakini vitakauka. Soli iliyofunguka nayo isipakwe gundi tu juu ya uchafu: isafishwe, ikaushwe, ikwaruzwe kwa msasa, gundi ipakwe pande zote mbili na iachwe ianze kukauka kidogo ndipo zibanwe, kisha ishonwe kuzunguka.

Na mguu upimwe. Daluga za mtumba huja na namba za Uingereza, za Ulaya na za Marekani zilizochanganyika, na mtu anayesema anavaa 8 hajasema kitu mpaka ujue ni 8 ya nani, kwa sababu 8 ya Uingereza ni karibu 42 ya Ulaya na 9 ya Marekani. Msimamishe juu ya karatasi, chora mguu, pima sentimita, pima miguu yote miwili kwa kuwa mara nyingi haifanani. Ukimpima mtu vizuri mara moja, hata akinunua viatu kwa mwingine atarudi kwako kuuliza.

Jambo ambalo nabishana nalo zaidi na wenzangu wa biashara hii ni bei ya kazi. Wengi hujaza upepo bure, wanashona bure, eti ni kumvuta mteja anunue mpira. Mimi sikubaliani. Ukiitoa kazi bure umemwambia mteja kwamba haina thamani, na faida yako yote umeibebesha bidhaa, ambazo mwenye duka kubwa la mjini atauza rahisi kukuzidi siku zote kwa sababu ananunua nyingi. Andika bei kwenye kadibodi, bandika mlangoni. Kujaza na kupima upepo, shilingi 500. Kushona mshono, kubadili bladda, kubandika na kushona soli, kila kimoja na bei yake. Watu wanalipa. Timu za bodaboda zinazogombea mbuzi Jumapili zinalipa vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu mpira ukifa Jumamosi jioni hawana muda wa kuagiza mwingine.

Mali kauli, yaani kutoa bidhaa kwa ahadi ya kulipwa baadaye, nayo iwe na mpaka. Katikati ya mwaka, UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari, zinapokaribia, shule huja kwa pamoja zikitaka mipira, nyavu na jezi, na malipo huja baadaye, wakati mwingine baadaye sana. Mwenye mtaji mdogo akikubali oda tatu za namna hiyo amefunga duka mwenyewe. Afadhali achukue oda ya matengenezo kwa malipo ya nusu mkononi, na za bidhaa awaelekeze kwa mwenye uwezo, akipata kamisheni yake.

Fremu kubwa barabarani si lazima. Kona ya kibanda cha fundi viatu karibu na uwanja wa Sokoine, au meza mbele ya saluni ya rafiki, inatosha kuanza. TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya biashara usivikimbie, na andika kila shilingi kwenye daftari, kwa kuwa kwenye makadirio ya kodi mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu hutozwa kwa nafuu kuliko asiye nazo. Na ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni fedha nzuri kwa kikundi chenye mashine ya kushonea viatu kwenye mpango wake. Kuikopa kwa ajili ya jezi sishauri. Marejesho hayasubiri msimu wa ligi.

Ombi langu ni kwa walimu wa michezo na maafisa michezo wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Stoo za shule zetu zina mipira iliyotupwa pembeni kwa sababu ya vali na mishono, huku watoto wa kiwanja kizima wakigombea mpira mmoja. Kabla hamjaandika oda ya mipira mipya mwaka huu, toeni ile ya stoo, muipeleke kwa fundi aliye karibu nanyi, awe mimi au mwingine yeyote, azamishe mmoja mmoja kwenye maji na kuwaambia upi unapona na upi hauponi. Muulizeni bei ya kila mmoja, mlinganishe na ya mpya, ndipo muandike oda.