Faiba imefika, lakini antena ibaki juu ya paa

Mitambo ya analojia, ile ya zamani ya kurusha matangazo ya runinga, ilizimwa Mwanza mwishoni mwa Februari 2013, miezi miwili baada ya Dar es Salaam, na tangu hapo swali la kila nyumba yenye runinga limekuwa ni njia ipi itumike kuipata picha. Sasa faiba, yaani waya wa intaneti ya kasi, inapovutwa mitaani, wapo wanaodai kwamba antena imemaliza kazi yake. Hoja hiyo ina uzito, ila naona inapimwa kwa macho ya mtu wa Capri Point, mtaa wa wenye uwezo hapa Mwanza, peke yake.

Nguvu ya antena ni kwamba mnara mmoja huzihudumia nyumba mia au laki moja kwa gharama ileile, ndiyo maana chaneli kama TBC1, ITV na Star TV, iliyoanzia hapahapa Mwanza, zinaweza kutazamwa bila kifurushi. Udhaifu wake ni ardhi. Mawimbi ya UHF, yale yanayoileta picha kwenye antena, hayapendi vizuizi, na mji wetu ni wa vilima na majabali, kwa hiyo nyumba iliyojificha nyuma ya kilima huona picha ikiganda na sauti ikikatika, huku aliye ng'ambo ya ziwa, asiye na kitu mbele yake ila maji, akitazama bila shida.

Dishi linalitatua hilo. Setilaiti iliyo kwenye longitudo ya nyuzi 36 mashariki, inayotumiwa na DStv, iko karibu utosini mwa mtu wa Mwanza, hivyo kilima hakina la kufanya. Mvua kubwa, hata hivyo, huifuta picha kwa dakika kadhaa. Zaidi ya hapo, mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliziagiza kampuni za dishi ziondoe chaneli za bure kwa sababu leseni zao hazikuziruhusu kuzibeba, na mwenye dishi pekee akajikuta hana taarifa ya habari ya nyumbani ingawa alikuwa amelipia.

Faiba haijali mvua wala kilima, na waya huohuo humletea mtoto masomo na baba mpira (ingawa kwa mpira wa mtandaoni, jirani mwenye antena huwa ameshashangilia bao kabla yako, maana picha ya mtandaoni huchelewa). Tatizo ni kwamba huvutwa nyumba kwa nyumba. Kule Mabatini, mtaa mwingine wa Mwanza, ambako nyumba nyingi zimejengwa juu ya mawe na hufikiwa kwa vijia vya miguu, kila mteja mpya ni nguzo na kazi nyingine, na kampuni itatangulia kwa wenye uhakika wa kulipa kila mwezi. Ukerewe na visiwa jirani watasubiri zaidi, wakiendelea na runinga za sola.

Kwa hiyo mwenye uwezo avute faiba, lakini fundi asiing'oe antena, maana siku malipo yanapochelewa, intaneti na runinga hukatika kwa pamoja. Serikali nayo, kabla ya kuhesabu kilomita za mkongo wa faiba, ingeongeza virushio vidogo nyuma ya vilima, ambako chaneli za bure bado hazishiki vizuri.