Shahidi akikimbia, kesi imekufa

Kuna mwandishi anayeuliza kuna ubaya gani polisi wa Marekani wakimuuliza aliyeibiwa au aliyeshuhudia wizi kama ana karatasi za kuishi nchini. Ubaya upo, tena mkubwa. Polisi wa jiji la Los Angeles waliuona tangu 1979, walipotoa Agizo Maalumu Namba 40: askari asianze kumshughulikia mtu kwa lengo la kujua hali yake ya uhamiaji. Na mkuu wa polisi wakati huo alikuwa Daryl Gates, ambaye sidhani kama kuna aliyewahi kumwita mpole!

Mama anayepigwa na mumewe, akijua ataulizwa viza kabla ya majeraha, atanyamaza. Na mume anajua hivyo, ndiyo maana anamtishia: "Nenda polisi uone."

Halafu kuna viza ya U, kibali cha kukaa Marekani kilichowekwa kisheria mwaka 2000 kwa waathirika wa uhalifu mkubwa wanaosaidia upelelezi. Ni 10,000 tu kwa mwaka, foleni ni ya miaka, na lazima polisi au chombo kingine cha sheria, kama mwendesha mashtaka, kisaini kwamba umeshirikiana nao au uko tayari kushirikiana. Sasa utashirikiana vipi na mtu unayemkimbia? Mtuhumiwa aulizwe akishakamatwa, hilo sina ugomvi nalo.