Riwaya Kumi na Moja na Robo Tatu

Januari nilijisemea: mwaka huu nasoma riwaya, basi. Sisomei mtihani, sisomei cheti, najisomea tu. Kumbe nimejichongea.

Shida ilianzia kwenye neno lenyewe. Huku kwetu mtu mzima akishika kitabu haulizwi "unasoma nini?" Anaulizwa "unasomea nini?" Jirani kanikuta barazani na riwaya yangu, akadhani najiandaa na QT, ule mtihani wa wanaojisomea nje ya shule, akaja na ushauri: "QT hiyo kaka, hesabu ndiyo inayoua." Nikamwambia ni hadithi. Akaniangalia kwa huruma, akasema kila mtu ana pa kuanzia.

Kwenye daladala ya Mbagala ndiko kulikuwa na balaa. Nimekaa dirishani, kitabu mkononi, konda huyo: "Wewe denti, simama, wapishe watu wazima!" Nina mvi, nina kitambi, nimelipa nauli kamili! Abiria walicheka mpaka Mtoni kwa Aziz Ali. Na nilisimama, maana mama mwenye ndoo ya samaki alishaanza kukaa, ama anikalie.

Machi nikaingia Nagona ya Kezilahabi, ya 1990. Hicho nilikichagua kwa wembamba wake. Kimekaa kama daftari la madeni la Mangi, nikasema nakimaliza foleni ya asubuhi. Thubutu! Foleni iliisha, mwezi ukaisha, mimi bado naulizana na nafsi yangu huyu bwana anakwenda wapi. Kuna mahali, sikatai, nilikifunga nikabaki kutazama nje kama mtu aliyesikia anaitwa. Lakini kichwa kiliniuma kama nimeshinda nabeba zege.

Rosa Mistika kosa ni langu. Nilimwambia mama watoto kwamba riwaya hiyo, ya 1971, iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Mdomo huu! Yeye ambaye siku zote vitabu vyangu ni vumbi tu, alikipokonya palepale. Wiki mbili maharage yanaungua. Nikiuliza chakula, "Subiri, niko pabaya." Alipomaliza akakipeleka kwenye kikoba chao, na mpaka leo naambiwa kipo kwenye mzunguko.

Sasa hiyo robo tatu. Kitabu cha upelelezi, mtumba wa kando ya barabara, buku tatu. Nimekesha nacho. Mpelelezi kawakusanya washukiwa wote sebuleni, kainua kidole, nafungua ukurasa, nakutana na jalada. Kurasa za mwisho mtu alishafungia karanga! Nikamrudia muuzaji. Hata hakuinua macho: "Mzee, kwa buku tatu unataka na muuaji?" Tangu Agosti namshuku mpishi. Ila saa nane za usiku nikishtuka usingizini, namwona ni yule mke mdogo.

Desemba mama mkwe akatoka Ifakara na jogoo kafungwa miguu. Kumbe habari zilimfikia kwamba mkwe wake kasoma mwaka mzima.

"Hongera baba. Umepata daraja la ngapi?"

Mama watoto ananikonyeza. Nikamtazama jogoo: mwekundu, mapaja yamejaa.

"La pili, mama."

Akapiga vigelegele, majirani wakatoka nje, na yule wa QT akanipa mkono. Jogoo tulimla na wali. Alipokuwa ananawa, mama mkwe akauliza mahafali ni lini, awahi kumpelekea fundi kitenge.