Msiniulize kama ilikuwa orijino

Picha yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja, nyeusi na nyeupe, na pembe moja imeliwa na mende. Baba mdogo amesimama uani kwake Kibosho, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya boneti, na uso wa mtu mwenye madeni na gari. Nyuma yake ni migomba. Mama aliandika mwaka kwa penseli upande wa pili: 1981.

Jumamosi moja nilikuwa nayo kwenye mkoba, gereji moja pale Pasua, nikisubiri kagari kangu kabadilishwe bushi. Sikwenda kutafuta ubishi. Nilimwonyesha fundi tu, maana anapenda vitu vya zamani. Akaitazama sekunde mbili.

"Dada, hii ni Austin. Austin Cambridge."

Mjomba, ambaye alikuwa amenisindikiza, akacheka kwa dharau. "Austin wapi! Hiyo ni Fiat. Mimi nimepanda Fiat kama hiyo kwenda harusini Arusha."

Pembeni, juu ya kreti la soda, alikaa mzee mmoja ambaye enzi zake aliendesha malori ya kahawa. Hakusema neno. Alivua miwani, akaisogeza picha mpaka ikakaribia kumgusa pua.

Niwatetee kwanza waliokosea, kwa sababu hawakukosea kijinga. Austin Cambridge ya mkia mkali ilitoka mwaka 1959. Fiat 1800 nayo ilitoka 1959. Peugeot 404 ikafuata 1960. Zote tatu zilichorwa na nyumba moja, Pininfarina ya Turin, Italia, na aliyezichora ni kama alikuwa na wazo moja zuri akaliuza mara tatu: bega lililonyooka toka taa ya mbele hadi ya nyuma, mapezi mawili yaliyosimama juu ya buti, paa lenye pembe. Ukiziegesha pamoja utazitofautisha. Ukipewa picha ya kiganja ya miaka zaidi ya arobaini iliyopita, na mtu mzima ameegemea upande wenye ushahidi, utabahatisha kama wengine.

Tena gari la baba mdogo lilikuwa limezidisha utata. Sho, ule uso wa matundu ulio katikati ya taa za mbele, haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa wavu wa chuma, ule wa kuzuilia kuku, umekatwa kwa mkasi wa bati na kufungwa kwa waya. Nembo ya simba wa Peugeot haikuwepo. Taa moja ya nyuma ilikuwa yake, nyingine ilitoka kwenye trekta.

Mzee akarudisha miwani. Hakuniuliza habari ya taa wala ya mapezi.

"Mwanangu, uliwahi kuona boneti ikifunguliwa?"

Niliwahi. Kazi yangu utotoni ilikuwa kushika tochi. Nilikuwa na miaka saba hivi, na baba mdogo alikuwa ananifokea kwa sababu mwanga ulikuwa unamfuata kipepeo badala ya kufuata kabureta.

"Injini ilisimama, au ilijilaza?"

Nikafumba macho. Nikaiona. Ilikuwa imeegemea upande mmoja kama mlevi aliyeegemea ukuta. Nikasema, "Ilijilaza."

"Basi ni Pijo," akasema, akanirudishia picha. "Austin haijilazi."

Na ndivyo ilivyo. Injini ya 404 iliwekwa ikiwa imelala kwa nyuzi 45 ili boneti ishuke chini. Fundi alitoa simu, akatafuta, akanyamaza. Mjomba hajakubali hadi leo, lakini mjomba hajawahi kukubali kitu.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Kila zinapotajwa gari za zamani siku hizi, swali la kwanza ni moja: ilikuwa orijino? Rangi yake ya kiwandani? Injini namba yake? Taa zake? Ikionekana bampa si lake, watu wanaguna, kana kwamba gari limekamatwa na cheti cha kughushi. Nasema waziwazi: kwa gari lililoishi Kilimanjaro au Arusha kati ya 1977 na 1985, swali hilo halina maana, na anayeling'ang'ania hajui anachokitazama.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa habari ya redio. Kwa mtu wa Moshi, Taveta ni pua na mdomo, na spea zilikuwa Nairobi. Mpaka ulikaa umefungwa hadi 1983. Katikati hapo ikaja vita ya Kagera, fedha za kigeni zikakauka, sabuni ikawa ya kupanga foleni. Nani angekuletea sho ya Peugeot? Ukitaka gari litembee, unachonga. Unamwendea mtu wa mashine ya kukereza, unamwachia kipuri kilichokufa, unarudi baada ya siku tatu unapewa pacha wake wa chuma kizito kuliko cha Mfaransa. Bushi zilitengenezwa kwa mpira wa tairi. Breki zikikosa mafuta yake, zilitiwa maji ya sabuni, siku ambayo hiyo sabuni ilipatikana, na dereva akashuka mlima kwa gia na sala ya Baba Yetu.

Hata ndizi zilitumika. Difu, lile boksi la gia la ekseli ya nyuma, ikianza kulia, mwenye nia ya kuuza gari alimenya ndizi mbivu mbili tatu akazisukumiza ndani. Ikanyamaza wiki moja, muda wa kutosha wa kupokea hela. Baba mdogo alikana siku zote kwamba aliwahi kufanya hivyo. Shangazi alikuwa anatoka nje kila alipokana.

Kwa hiyo ule wavu wa kuku kwenye picha si kasoro. Ule ndio tarehe. Ungenionyesha 404 yenye sho inayong'aa, simba wake na herufi zake zote, ukaniambia ni ya Kibosho mwaka 1981, ningekuuliza uliiba wapi.

Nina rafiki Arusha, kaka mmoja muungwana sana, ambaye anafufua Land Rover. Anaagiza vipuri Uingereza, hata skrubu. Kazi yake ni safi, sina la kusema juu ya mkono wake. Lakini mwaka juzi alinionyesha Land Rover ya zamani iliyokuwa ikibeba abiria na mbuzi kwenda Loliondo. Ndani yake kulikuwa na benchi la mninga, limelainika kwa makalio ya watu wa miaka thelathini, na pembeni mtu alikuwa amechonga kwa kisu mistari midogo midogo, mitano mitano, ya kuhesabu kitu ambacho hatutakijua. Nilirudi baada ya miezi mitatu nikakuta siti mpya nyeusi.

"Benchi liko wapi?"

"Dada yangu, lile halikuwa orijino. Walipikia chai."

Sikumaliza soda yangu.

Land Rover ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi namna macho yanavyodanganya. Oktoba 2024 Arusha ilipofanya tamasha lake la Land Rover, shabaha ikiwa kuivunja rekodi ya Ujerumani ya 2018, msafara wa magari 632, nilisimama kando ya barabara na kijana mmoja aliyekuwa anazitaja moja baada ya nyingine kwa sauti. Taa ziko katikati kwenye sho: hiyo ya zamani. Taa zimehamia kwenye mabawa, yale mabati ya juu ya magurudumu ya mbele: hiyo ya baada ya 1968. Sho ya plastiki: hiyo ni toleo la Series III, 1971 na kuendelea. Vitabu vinasema hivyo na vinasema kweli. Tatizo ni kwamba bawa la Land Rover linafunguliwa kwa boliti tu, na la aluminiamu haliozi. Gari likianguka Monduli, bawa lake linakwenda kuishi Simanjiro kwenye gari jingine. Nimeona moja yenye taa za mwaka fulani, milango ya mwaka mwingine na injini ya Toyota ikikohoa ndani.

Yule mzee wa kreti la soda ana njia yake na haitaki macho. Nilimpigia simu kumwuliza. Akasema wewe panda, kaa, sikiliza dereva akirudisha gia ya kwanza gari likiwa bado linatembea. Ikisaga, au dereva akikanyaga klachi mara mbili kama anacheza ngoma, hiyo ni Series II. Ikiingia kimya, hiyo ni III, kwa sababu huko ndiko walikoweka sinkronaizi, kifaa cha kulainisha gia ziingie bila kusaga, kwenye gia zote za mbele. Na kama gari limezimwa, chungulia dashibodi: mishale ya spidi ikiwa katikati, ya zamani; ikiwa mbele ya dereva, ya baadaye. "Mabawa ni nguo," akasema. "Nguo mtu anaazima."

Tuliokulia kule juu tulizijua gari kwa masikio kabla ya macho, kwa sababu mlimani barabara inapinda na migomba inaficha. Volkswagen ya masista wa misheni ilisikika kama cherehani iliyokasirika. Bedford la mkaa lilianza kunguruma toka korongoni, na kabla halijatokea watoto walikuwa wameshajua kama limepakia au ni tupu. Datsun 120Y sikuwahi kuipenda, samahani kwa wenye nazo. Mlio wake haukuwa na habari yoyote. Lakini 404 ilipanda kona za Kibosho na sauti ya mtu anayesafisha koo kabla ya kuhutubia. Shangazi aliisikia, akainuka na kuinjika ugali.

Sifa yake haikuwa ya kijijini peke yake. Mbio za magari za Afrika Mashariki zilianza 1953, na miaka ile ya mwanzo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. La kwanza lilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 aliyeshinda ni Bert Shankland, Mskoti mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, na gari lilikuwa ileile 404. Mzee anasema utotoni alikuwa anakwenda kukaa kando ya barabara na viazi vilivyochemshwa, anasubiri vumbi. Ninamwamini kwa sababu alitaja viazi. Mtu anayetunga angetaja rangi ya gari.

Jumapili alasiri ilikuwa siku yangu na gari lile. Enzi hizo za uhaba wa mafuta, kuendesha gari binafsi Jumapili mchana kulipigwa marufuku, kwa hiyo 404 ilikaa chini ya mparachichi na sisi watoto tukaruhusiwa kuingia, mradi miguu iwe safi. Tulikuwa sita. Gia ilikuwa kwenye usukani, fimbo ndefu yenye kirungu cha rangi ya maziwa ya mgando, na anayeishika ndiye dereva. Safari zote zilikwenda Nairobi, kwa sababu Nairobi ilikuwa imefungwa. Kondakta alikuwa binamu yangu mdogo, alitoza majani ya mparachichi. Siti ya nyuma ilikuwa na shimo lililozibwa kwa gunia la kahawa, na gunia lile lilichoma mapaja. Nikilisikia neno "orijino", mapaja yangu ndiyo yanajibu kwanza.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa toka nje, zikaingia gari za Japani, na 404 ikawa mkweche wa kuchekwa. Baba mdogo aliiuza injini kwanza, kisha milango. Bodi ikawa banda la kuku, na wavu wa sho ukarudi kwenye kazi yake ya asili. Miaka ya karibuni walipita vijana wa vyuma chakavu na mzani wao, wakaikata asubuhi moja. Sikuwepo. Nilipewa hendeli, ile ya kuwashia kwa kuzungusha. Iko jikoni kwangu Moshi mjini, inazuia mlango usifungwe na upepo, na wageni wanadhani ni kifaa cha bomba.

Wiki iliyopita mzee alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. Shikamoo, marahaba, hujambo, mvua vipi huko. Kisha akaniomba nimtumie ile picha tena, kwa simu ya mjukuu wake, na niikuze upande wa kushoto, pale penye migomba.

"Kuna gari jingine pale," akasema. "Linaonekana bawa tu, na nusu ya taa."

Nikaichukua, nikaenda nayo dirishani. Kweli, lipo. Miaka yote hii sijaliona. Nikamwambia naona kama ni Morris Minor.

"Morris!" akasema. "Angalia vizuri, mwanangu. Morris taa yake haikai hivyo."